Alichomfanyia Sango, Alichonifanyia Mimi

Mwezi uliopita tulimzika Mwalimu Sango huko Lweba, na mtu aliyepewa neno la kwanza kando ya kaburi ni yule aliyemharibu. Alisimama na koti lake jeusi, mzee sasa, mkono umeegemea fimbo, akasema kwa sauti yake ileile nzito iliyokuwa ikitutetemesha: "Huyu Sango nilimupenda kama mutoto wangu ya kuzaa. Ni mi njo nilimufundisha kazi." Watu wakaitikia. Kina mama wa kwaya wakafuta macho kwa ncha za vitenge. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, karibu na mihogo ya mtu, nikahisi shingo inawaka moto. Sikusema kitu, kwa sababu dada yake Sango alikuwa amechoka na kilio, na mazishi yalikuwa yake, si yangu. Lakini niliporudi nyumbani, mjini Baraka, kabla hata sijavua viatu vilivyojaa udongo wa makaburini, niliamua kwamba mwaka ule niliofundisha chini ya mzee yule wa fimbo utaandikwa, na utaandikwa na mimi. Mtu huyo anaitwa Asukulu. Alikuwa na shule yake hapa mjini, na sisi tuliofundisha kwake tulimwita Directeur, yaani mkuu wa shule, kama walivyomwita wazazi, wauza samaki na hata mchungaji. Mpaka leo akipita barabarani watu humwinamia kidogo. Waendelee kuinama. Mimi nitasema ninachokijua.

Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, nimetoka kumaliza ualimu kule juu Fizi, na nilishuka Baraka kukaa kwa mama yangu mkubwa, Mama Ngena. Alinipa chumba cha uani chenye dirisha dogo lililotazama jiko, kwa hiyo nguo zangu zote mwaka ule zilinuka moshi na ndagala, wale dagaa wa ziwani. Ndio wakati mashua kubwa zilikuwa zikileta watu waliokuwa wakimbizi Tanzania. Kila mara ufukwe ulijaa magodoro, masufuria, mbuzi, na watoto waliozaliwa kambini ambao walikuwa wanakanyaga nchi yao kwa mara ya kwanza. Watoto hao walihitaji shule, na Directeur Asukulu aliwapokea wote bila kuongeza chumba wala mwalimu. Mwalimu Sango alikuwa ameondoka mwaka uliotangulia, hakuna aliyeniambia kwa nini, na darasa lake likaunganishwa na langu. Nilikuta watoto wanakaa hadi chini ya ubao, magoti yao yakigusa viatu vyangu. Wale wa kambini walikuwa na akili nyepesi kabisa, ila Kifaransa, lugha ya shule yetu, hawakukijua. Walikuwa wamesoma kwa Kiswahili. Nami nikawa nawaeleza hesabu kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeiba.

Directeur alikuwa na pikipiki nyekundu. Aliizima mbali, akaisukuma mpaka karibu na ukuta, ili atukute bila kutazamia. Aliingia darasani katikati ya somo, akaketi nyuma na miguu yake mirefu ameinyoosha kati ya madawati. Nilipoanza kujikwaa kwenye maneno, alisimama, akachukua kitambaa, akafuta ubao wote, taratibu, kutoka juu hadi chini. "Recommence," alisema. Anza tena. Nikianza tena aliwageukia watoto: "Mademoiselle amesema nini? Kuna mwenye amesikia?" Watoto walicheka, na nani angewalaumu, mtu mkubwa alikuwa amewapa ruhusa. Asubuhi, kabla ya kengele, alitukusanya walimu ofisini mwake na kumsifu mmoja ili amchome mwingine, kisha akamfokea huyo. Leo mimi ndiye mzuri na Riziki wa darasa la tatu ndiye mvivu. Kesho Riziki ni malaika na mimi ni aibu ya shule. Tulitoka pale hatutazamani. Hakuwahi kumpiga yeyote. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kumweleza mtu. Ungesema nini? Kwamba amefuta ubao?

Mwili wangu haukuuma popote. Kama ningepata malaria ningejua la kufanya. Kilichoanza kuharibika kilikuwa kichwani na moyoni, na kilianza kidogo kidogo hivi kwamba nilidhani ndiyo tabia yangu mpya. Niliyasahau majina ya watoto, hata wale waliokaa mbele. Nilimtazama mtoto ninayempenda nikaona uso tu, usio na neno lolote juu yake. Nilisoma mstari mmoja wa kitabu mara nyingi, na ukafika mwisho bila kuacha kitu. Mbele ya sanduku langu la nguo nilisimama nikishindwa kuchagua kati ya kitenge cha kijani na cha bluu, mpaka machozi yanitoke, kwa kitenge. Kwaya niliyokuwa naipenda niliiacha, nikawaambia koo linaniuma. Nilicheka mahali ambapo hakuna aliyecheka. Na nilikuwa na hofu isiyo na mwenyewe: ninaosha vyombo, jua limewaka vizuri, watu wanasalimiana njiani, na moyo wangu unajua kwamba jambo baya liko mlangoni tayari. Mama Ngena alinipikia sombe, majani ya mihogo, pamoja na mikeke, samaki wa kukaanga ambaye mwaka mwingine wowote ningemla hadi mifupa. Nilitafuna kama natafuna karatasi. "Feza, juu ya nini unakula hivi?" aliniuliza. "Unakula kama muntu anamezaka dawa." Nikamkaripia. Mimi, nimkaripie Mama Ngena, kwenye meza yake, kwamba chumvi imezidi. Alivuta sahani akaionja, akanitazama kwa muda mrefu, na ule mtazamo niliubeba siku nyingi.

Ukuta wa chumba changu ulikuwa mwembamba na jikoni walizungumza. Jirani yetu Mama Aziza, ambaye mume wake alikuwa na boti la kwenda Ubwari, alikuja kila alasiri kutwanga mihogo pamoja na mama mkubwa, na mimi, nikiwa nimelala chali na macho wazi, nilijisikia nikigawanywa kama nyama. "Iko na mimba," Mama Aziza alisema. "Mimba gani? Mi naona nguo zake zote, ninazifuaka." "Basi kuna mwenye anamuloga. Mutoto muzuri vile, amesoma, si bantu banakuwaka na wivu?" Mama Ngena akauweka mchi chini. "Mi naogopa ni kichwa," alisema. "Kwa ile shule kuna mwenye alishaka kuharibika kichwa. Sango wa Lweba." Kisha mchi ukaendelea. Jumapili ile walinipeleka mbele kanisani, nikawekewa mikono. Waliomba kwa nguvu na kwa upendo, sina neno juu yao. Lakini Jumatatu pikipiki ilikuwa palepale.

Jina la Sango nililisikia tena baada ya hapo, safari hii kutoka kwa Directeur mwenyewe. Nilikuwa nimeandika tarehe ya jana ubaoni. Alikuja karibu sana na sikio langu, watoto wakitazama, akasema kwa upole kama anayenionea huruma: "Angalia, Mademoiselle. Njo hivi Sango alianzaka." Nilitoka nikamkuta Riziki nyuma ya vyoo, na kwa kuwa sikuwa na la kupoteza tena, nilimuuliza waziwazi Sango alifanywa nini. Riziki alitazama huku na huku. Kisha akaniambia kuhusu proclamation, ile siku ya mwisho wa mwaka wazazi wanapokusanyika kusomewa matokeo ya watoto. Kila mwaka, alisema, Directeur humwita mbele mwalimu mmoja ambaye watoto wake wameanguka, amwombe kila mzazi msamaha hadharani. Mwaka uliopita alikuwa Sango. Alifika mbele, akafungua mdomo, akashindwa kutaja hata jina la mtoto mmoja. Akalia mbele ya wazazi wote, mwanaume mzima, suti imepigwa pasi. Alitoka uwanjani kwa miguu na hakurudi kuchukua hata kofia yake. "Halafu Directeur akabaambia bazazi ni bangi," Riziki alisema. "Sango! Hata sigara hakugusaka." Akanishika mkono. Halafu kwa sauti nyingine kabisa: "Feza, na mimi nasahauka majina." Tulisimama pale kwenye harufu ya vyoo, tumeshikana mikono kama watoto, wawili ambao mwaka mzima tulifundishwa kuchukiana.

Jumamosi nilipanda pikipiki ya kukodi hadi Lweba. Nilimkuta Sango kwenye kibaraza cha dada yake, anashona wavu, mtu mwembamba mwenye vidole vizuri. Nilipotaja shule, sindano ilisimama. Dada yake aliniletea chai na viazi vitamu, akabaki mlangoni kunilinda au kumlinda yeye, sijui. Nilianza kueleza kwa nini nimekuja, nikachanganya maneno, nikaanza upya. Sango akanikatiza. "Ngoja," alisema. "Mi nitakuuliza, we utajibu tu. Ukiimba kanisani, wimbo inakuingia? Ao inabaki inje?"

"Inabaki inje," nilisema.

"Unakasirikia bantu benye bakupendaka?"

"Ndiyo."

"Ukiambiwa neno nzuri, unawaza banakucheka?"

Hilo sikuwa nimemwambia mtu yeyote duniani. "Umejua namna gani?" nilimuuliza.

"Na kila kitu unaona ni kosa yako. Mvua ikinyesha, ni kosa yako." Aliweka wavu chini. "Dada Feza, mi nilizania kichwa yangu imekufa. Ni infirmière, muuguzi mumoja wa hapa, njo alinisikilizaka, siku na siku. Aliniambia: Sango, we hauko fou, hauko na wazimu. Umeogopa sana, kwa wakati murefu sana, na hukupata pa kuiweka ile woga. Ni mawazo imekusonga. Inakuwaka na dalili zake, sawa malaria, na inapitaka, lakini ukijitoa kwenye ile kitu inakuletea."

Nililia hadi chai ikapoa. Hakunizuia. "Lia," alisema, "machozi haiko wazimu." Nilipotulia nilimuuliza kama yeye amepona. Alitazama upande wa ziwa, ambako watoto walikuwa wakianika ndagala mchangani. "Nalala. Nakula. Nacheka na batoto ba dada yangu. Lakini ubao," alisema, "ile ubao siwezi tena kusimama mbele yake. Nilijaribu kwa kanisa, kufundisha katekisimu. Mikono ilikataa." Alisema hivyo bila uchungu, na uchungu ambao hakuwa nao yeye uliniingia mimi wote. Nilikuwa nimesikia walimu wakubwa wakisema hakuna aliyefundisha hesabu kama Sango katika mji wote wa Baraka. Yule mtu alikuwa amechukua hicho, akakifuta kutoka juu hadi chini, na jioni akaenda nyumbani kula.

Baadaye nilijifunza jina lenyewe, msongo wa mawazo, na nimelifundisha kwa walimu vijana kila nilipopata nafasi. Lakini sitadanganya kwamba nilichotoka nacho Lweba siku ile ni elimu. Nilitoka na adui. Mwaka mzima nilikuwa nimejitafuta mimi ndani ya kosa, na sasa nilikuwa nimempata mwingine, mwenye jina na pikipiki nyekundu, na nikiwa nyuma ya dereva, vumbi likinijaa mdomoni, nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia kwa miezi. Nilianza kulala. Sombe ikarudia utamu wake. Nilimwomba Mama Ngena msamaha wa ile chumvi, akanivuta kifuani akasema alijua haikuwa chumvi. Na darasani, Directeur alipokaa nyuma na kunisoma, mimi nilianza kumsoma yeye. Niliona kwamba hawezi kungojeshwa. Niliona kwamba mtu wa chini akimjibu kwa Kiswahili mbele za watu, shavu lake la kushoto linacheza. Niliona kwamba hakuna mtu Baraka nzima anayemwita kwa jina lake bila cheo, na kwamba siku mtoto mmoja alipolisoma jina hilo kwa sauti kwenye bango la lango, tupu vile, aligeuka kama aliyepigwa. Hayo yote niliyaweka moyoni. Nilimweleza Riziki, naye akawaeleza wengine mmoja mmoja, na kila mmoja alipoulizwa tu "unasahauka?" alifunguka kama kidonda. Tulikubaliana kwamba atakayeitwa mbele awe mimi. Wala haikuhitaji hila. Alikuwa amenichagua tangu zamani.

Siku ya proclamation uwanja ulifunikwa maturubai. Wazazi wa zamani wa mjini walikaa upande mmoja na wale waliotoka Tanzania upande mwingine, watoto wakiwa na soksi nyeupe. Sango alikuja. Sikumlazimisha, nilimwambia tu nitafanya nini, akasema anataka kuona. Alikaa safu ya mbele na dada yake, amevaa ile suti. Directeur alipomwona alikuwa katikati ya hotuba, akaruka ukurasa, akarudi, akakohoa. Halafu akanitafuta kwa macho, akatabasamu. "Mademoiselle Feza, avance. Kuja mbele uombe bazazi pardon."

Nilitembea polepole sana. Nilifika mbele nikanyoosha kitenge changu, nikanyamaza.

"Nakungojea," alisema kwenye kipaza sauti.

"Ngojea kidogo, Asukulu."

Uwanja mzima ulivuta pumzi. Shavu lake likacheza. "Unaniita namna gani?"

"Asukulu. Si njo jina yako?" Nikawageukia wazazi. "Bazazi, mi sina pardon ya kuomba. Mwaka jana hapa kulisimama Mwalimu Sango. Muliambiwa ni bangi. Yeye huyu hapa, mumuangalie. Ni huyu Asukulu njo alimuvunja, na sisi balimu bote anatuvunjaka vilevile, na batoto yenu banaonaka. Mubaulize."

Nilijua atafanya nini, na alifanya. Alipiga kelele. Ile sauti ya ofisini, ambayo wazazi hawakuwahi kuisikia, ilitoka yote kwenye vipaza sauti mpaka sokoni. Aliniita punda. Aliwaita walimu wake takataka. Ingeishia hapo labda angepona, lakini baba mmoja wa upande wa waliorudi alisimama kuuliza jambo kwa adabu, na Directeur akamgeukia: "We ukae! Ninyi bantu ba kambi, munaniletea batoto bajinga, mungali munanuka mashua, halafu munataka nifanye miujiza?" Kimya kilichofuata nakikumbuka kwa raha mpaka leo. Mama mmoja alisimama, akamshika binti yake mkono, akatoka. Akafuata mwingine. Kisha hata wale wa zamani wa mjini, ambao nao wote walikuwa na ndugu waliokuja na mashua zile, wakaanza kubeba viti vyao. Riziki na walimu wengine walikuja wakasimama karibu yangu. Yeye aliendelea kupiga kelele uwanja ukimwishia mbele ya macho. Kuna watu waliniambia baadaye kwamba ilitosha, kwamba ningemwachia walau neno la kuokoa uso. Sikumwachia. Nilisimama nikaangalia mpaka mwisho, kama alivyokuwa akiniangalia mimi.

Septemba, kanisa lilitupa vyumba vyake vya nyuma, tukafungua madarasa yetu, na watoto walikuja wengi kuliko nafasi. Nikawafundisha hesabu kwa Kiswahili, kwa sauti ya juu. Lango lenye jina lake lilifunguliwa asubuhi, na walioingia walikuwa wachache wa ukoo wake. Sango alikuja kututembelea, akabaki mlangoni. Ndani hakuingia, siku ile wala nyingine yoyote hadi alipokufa. Ndiyo maana sina mizani ya huruma kwa kilichotokea baadaye. Wiki chache baada ya masomo kuanza, saa ya chakula cha mchana, Directeur alikuja nyumbani kwa Mama Ngena. Kwa miguu. Mama Ngena, ambaye hajui kumfukuza mtu, alimpa kiti na kumwekea chai. Alikuja kuniomba nirudi, nadhani. Alianza sentensi, akaiacha njiani, akaanza nyingine. Alitia sukari, akatia, akatia, bila kuona. Jogoo alipowika uani, yeye aliruka karibu aangushe kikombe, kisha akamtukana yule jogoo kwa hasira isiyolingana na jogoo. Nilipomjibu kitu aliniuliza tena kilekile nilichokuwa nimemjibu. Na ghafla, akizungumzia mvua, macho yake yalijaa maji, naye mwenyewe alishangaa, akajifuta haraka kama mtu aliyechafuliwa na mwingine.

Nilijua. Katika chumba kile hakuna aliyejua isipokuwa mimi. Nilikuwa nayo maneno yote niliyopewa kwenye kibaraza cha Lweba, yamekaa tayari ulimini: kwamba hajaharibika kichwa, kwamba kuna mtu wa kumsikiliza, kwamba inapita. Yangenigharimu pumzi moja. Nilimtazama akinywa ile chai ya sukari tupu, nikanyamaza. Mwishowe alisimama, akatafuta mlango upande usio na mlango, nikamwonyesha ulipo. Alihamia Uvira, akarudi baada ya muda mrefu, mzima, mwenye koti jeusi na hotuba za makaburini. Kwa hiyo hata kufa hakufa kwa sababu ya kimya changu, na mimi sijawahi kukijutia.

Mama Ngena alisimama kizingitini akimfuata kwa macho mpaka alipopotea nyuma ya maduka. "Feza," alisema, "huyu muntu anagonjwa. Hauone? Iko na nini?"

"Ni jua tu, Mama," nilimwambia, nikaketi, nikaendelea kula bugali wangu ungali wa moto.